Mke Anayengoja Jamhuri

Wageni wakija, Milcah alijua mahali pake pa kusimama. Ni pale kando ya sufuria kubwa, jikoni kwa shirika la Mkono Mpole, mwiko mkononi, macho kwenye lango la kambi. Hakuna aliyemfundisha, au tuseme alifundishwa polepole hata asijue kwamba anafundishwa. Mara ya kwanza Janice, msichana wa shirika, alimwomba tu awaeleze wageni yaliyompata. Mara ya pili akamwomba aseme vilevile alivyosema mara ya kwanza. Baada ya hapo wageni walikuwa wakishuka garini wakiuliza, yuko wapi yule mama anayemngoja mumewe?

Na kungoja, jamani, alingoja. Asije mtu hapa akasema ilikuwa maigizo.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa 2008, baada ya kura kuharibika, vijana waliingia safu yao ya nyumba kule Kibera wakiuliza nani ni nani. Milcah alisimama mlangoni akawajibu kwa Kimaragoli, lugha ya Waluhya wa kwao Vihiga, kwamba yeye ndiye mwenye nyumba na wala hana mume. Mume alikuwa chini ya kitanda. Ndegwa wake, fundi wa kuchomelea vyuma, Mkikuyu wa Mutuini, alikuwa ameuma kona ya blanketi ili asipumue kwa sauti. Vijana wakaenda, wakarudi na petroli, lakini waliporudi wawili hao walikuwa wamekwisha kupenya uchochoroni na kushika njia ya uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, ambako watu waliofukuzwa makwao walikuwa wakipigiwa mahema.

Walikaa pale siku chache. Halafu Ndegwa akasema angetangulia kwa mama yake Mutuini. Kumchukua mke Mluhya wakati ule, wakati damu za watu zinachemka, ni kumpeleka machinjioni, alisema, na tena mama mwenyewe hajawahi kumkubali. Acha kwanza akamlainishe. "Ningojee hapahapa," akamwambia. "Usihame hema. Nikija nikukute." Milcah akakubali. Mtu uliyemwokoa kwa mdomo wako, utamshuku kwa nini? Alipompigia simu jioni yake, yule mama wa kwenye mtambo akamjibu kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Alimjibu hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na Milcah akajipa moyo kwamba labda simu imeibiwa katika zile purukushani.

Ndipo akaja Janice. Huyu alikuwa msichana wa Spring Valley, kwao mna geti na bustani, lakini maringo hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa akigeuza mtungi wa maji juu chini akakaa hapo, akala githeri kwa sahani ya plastiki kama wengine. Milcah alipopigwa na malaria hadi akaanza kupayuka, ni Janice aliyemtia garini mwake, matapishi na yote, akashinda naye hospitali akimshika mkono. Waswahili walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Milcah, ambaye Mungu hakuwa amemjalia mtoto wala dada, alishika usemi huo kwa mikono miwili. Alimfungulia Janice moyo wote. Alimweleza mambo ya chini ya kitanda, aliyokuwa hajamwambia mtu. Alimweleza hata lile la aibu kidogo, kwamba alijifunza Kikuyu kimyakimya, kwa wateja wa Ndegwa na kwa redio, ili siku mama mkwe atakapomkaribisha chai amshukuru kwa lugha yake.

Janice alilia siku hiyo. Kisha akasema, "Kutafuta watu waliopotezana ndiyo kazi yetu. Nipe jina lake na la mama yake. Hiyo niachie mimi."

Akamwachia. Viongozi walipotia sahihi ya amani na mji ukatulia, Milcah alitaka kwenda mwenyewe. Kwani Mutuini ni Ulaya? Unatoka kambini, unatembea hadi stendi ya Adams, unapanda gari, kabla hujasinzia umefika. Janice akamkataza. Moto uko chini ya jivu, alisema, na watu wa ofisi wanamtafuta Ndegwa kwa utaratibu, akienda yeye atavuruga kila kitu. Subira huvuta heri, Milcah. Msichana aliyezoea Kiingereza kama yule kukutolea methali, nawe ukatae?

Hata kaka yake, Isaiah, alipotoka Vihiga na lori la kuwachukua watu wa magharibi, Milcah alikataa kupanda. Isaiah alikuwa amemwekea chumba, ameahidiwa na jirani kibanda ambamo Milcah angeuza nguo, kulekule Vihiga sokoni Mbale. Alibembeleza mpaka dereva akaanza kupiga honi. Milcah akasema hawezi, mumewe akija atamkosa. Isaiah akasema, "Mimi nimekuja mara moja. Sitakuja mara mbili." Lori likaondoka na watu wakiimba.

Baada ya hapo ilibaki ni kungoja na wageni. Walikuja wa makanisa, wa mabenki, wazungu wenye kofia za jua. Siku moja Janice alimchukua hadi mjini, katika hoteli kubwa ambako watu walikuwa wanakunywa chai ya asubuhi na vitambaa mapajani, akasimame mbele yao aseme. Milcah alikuwa ameazima viatu vizuri na rinda. Janice alimtazama, akacheka kwa upole, akamwambia avae tu leso yake ya kambini na malapa, hivyo ndivyo wanavyompenda. Haikumpendeza, lakini akavirudisha viatu vya watu. Rafiki ni rafiki.

Sasa basi, ikafika siku ya wageni wakubwa kuliko wote, wafadhili wenyewe kutoka ng'ambo. Janice aliomba kanisa moja mjini limtafutie akina mama wa kusaidia kupika. Hakuuliza watatoka wapi. Hilo ndilo kosa alilofanya, na ni kosa la mtu aliyezoea kuagiza vitu vikaja.

Walitoka Mutuini.

Na akina mama wa kanisa, ukiwaambia waje saa sita, watafika saa mbili asubuhi. Walikuja na vitambaa vyao vya kichwani vya sare, viazi kwenye magunia, mukimo uliokwisha kupondwa, na chai kwenye mitungi ya plastiki. Kwao, mtu aliyepatwa na msiba hapiki wageni wakiwapo. Walimwondoa Milcah kwenye moto bila kumwuliza, wakamkalisha kwenye kigoda, wakamtilia chai, na alipong'ang'ania kazi wakampa kisu na viazi vichache kama mtu anayempa mtoto kazi ili atulie. Milcah aliposikia neno Mutuini alisogeza kigoda karibu nao. Kumbe Mungu alikuwa na njia yake! Watu wa kwao Ndegwa hawa hapa, hata kama simu haipatikani, midomo yao inapatikana.

Mkubwa wao aliitwa Nyakio, mama mnene mwenye macho ya huruma. Alimwuliza Milcah yaliyomkuta, na Milcah akasimulia yote, akataja jina la mume, akataja jina la mama mkwe, akauliza kama wanamfahamu. Viazi vikasimama mikononi mwa watu. Nyakio akajibu kwa Kiswahili kwamba Mutuini ni kubwa, mama, watu ni wengi. Halafu akamgeukia mwenzake aliyeitwa Waringa, na kwa kuwa aliyekaa mbele yao ni Mluhya, mtu ambaye hawezi kujua wanachosema, hakujisumbua hata kushusha sauti. Akasema kwa Kikuyu.

"Huyu si ndiye aliyeuliziwa mumewe na yule msichana wa gari lenye mkono uliochorwa?"

Waringa akauliza, nani?

"Wa Ndegwa. Tulikuwa pale kwa mama yake tukipukuchua mahindi, punde tu baada ya amani. Msichana akasema mke wako yuko Jamhuri, ni mzima, anakungoja. Ndegwa akasema mwambie hukunipata. Mama akamtilia msichana chai, akanywa, akaenda."

Waringa akapiga ulimi, akasema basi ni afadhali iwe hivyo, maana mahari ya binti wa Karanja imekwisha kupelekwa na harusi ni baada ya mvua. Mambo kama haya usiyachokonoe. Mungu mwenyewe atamjulisha maskini huyu.

Milcah aliendelea kumenya. Alimenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi, na bado alikuwa anamenya. Alimkana mumewe mlangoni ili aishi, na mumewe akamkana mahindini ili astarehe. Hilo lilimchoma, haki ya Mungu lilimchoma. Lakini lilikuwapo lililomchoma zaidi. Akainua kichwa, na kwa kile Kikuyu alichokihifadhi kwa ajili ya siku ya kukaribishwa, akauliza:

"Alikunywa chai?"

Nyakio alishika kifua. Waringa akainuka akasema anakwenda kutazama maji. Milcah akarudia swali, kwa sauti ya chini zaidi, na Nyakio akatikisa kichwa kukubali, machozi yamemjaa, akasema, "Nisamehe, mama. Sikujua unasikia." Hiyo ndiyo samahani aliyopewa. Aliombwa radhi kwa kusikia.

Janice alifika kabla ya wageni, amevaa fulana nyeupe ya shirika, anachangamka. Milcah alimngojea ndani ya stoo ya unga.

"Sasa, Milcah. Leo ni wale wakubwa kabisa. Uko poa?"

"Ulienda Mutuini," Milcah akasema.

Uso wa Janice ukabadilika. "Ni nani amekuambia?"

Hakusema sikwenda. Hakusema Mutuini gani. Aliuliza nani amesema, na hapo Milcah akajua kwamba sehemu moja ya moyo wake, sehemu ndogo ya kijinga, ilikuwa bado inaomba wale akina mama wawe wamemfananisha. Ikanyamaza.

"Nilikuwa nakulinda," Janice akasema. "Ulikuwa umetoka tu hospitali. Ungevunjika. Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukuambia."

"Wakati upi? Kabla ya Isaiah kuja au baada ya lori kuondoka?"

Janice alifunga mlango wa stoo. Alianza kueleza haraka haraka, mikono inapaa. Alisema Milcah aangalie na upande wake. Alisema wafadhili ni watu wa moyo, hawatoi kwa sababu watu wana njaa, njaa wameizoea, wanatoa kwa sababu ya mtu mmoja waliyemwona kwa macho. Blanketi zile, dawa zile, chakula cha kambi nzima, ni kwa sababu ya yule mama aliye langoni.

"Nikiwaambia mume alimkataa tu," akasema, na sauti ikamkatika, "nani atatoa?"

"Kwa hiyo nilikuwa nawangojea nyinyi."

"Milcah, leo tu. Sema kama siku zote. Kesho nitakupeleka mwenyewe mpaka Vihiga, mpaka mlangoni."

Na akamshika mkono. Ule ule mkono wa hospitali, laini, unanukia mafuta. Milcah aliutazama mkono ule na akaona uchungu ambao Ndegwa hakuwa na uwezo wa kumpa. Ndegwa alikimbia, basi. Huyu alikuwa akija kila asubuhi, anakaa kwenye mtungi, anamwuliza amelalaje, na anajua.

Wageni waliingia. Walipitishwa mahema, wakaonyeshwa vyoo na tangi la maji, wakashika watoto mashavu. Watu wa kambi walikuwa wamekwisha kupanga foleni, sahani mikononi, maana siku ya wageni chakula kilikuwa na nyama na hakikutoka mpaka hotuba ziishe. Janice akamsogeza Milcah mbele, akasimama kando yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri.

"Bwana asifiwe," Milcah akaanza.

"Amina," foleni ikaitikia.

"Mume wangu hajapotea. Yuko Mutuini, hapa karibu tu, na anaoa mke mwingine. Huyu Janice alimwona kwa macho yake, akanywa na chai, akanificha. Akaniacha nisimame hapa nikiwaeleza watu kwamba nangoja. Simngoji tena. Ni hayo tu."

Wageni waligeuza nyuso kwa Janice. Na Janice, jamani, hakutetereka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini Kiingereza chake kilitoka kimenyooka. Aliwaambia kwamba mama huyu anasema tangu mwanzo wa mwaka hajamwona mumewe, lakini moyo wake unamwambia hajapotea, kwamba yuko karibu, karibu sana, na kwamba hatachoka kungoja.

Wageni wakatoa vitambaa wakafuta machozi. Janice alisahau kitu kimoja, au labda hakuwahi kuuliza. Milcah alifanya kazi za nyumbani miaka kadhaa Spring Valley, mtaa huohuo wa kina Janice, akitukanwa na watoto wa watu kwa Kiingereza. Kukisema hakukuwa rahisi, lakini kukisikia alikisikia vizuri. Akamgeukia mama mmoja wa kizungu mwenye mvi, akakusanya maneno aliyonayo, akamwambia hapana, mume hakupotea, huyu msichana alimwona.

Yule mama akamtazama Janice. Janice akainama akamnong'oneza, lakini si kwa kunong'ona sana, kwamba amepitia mengi, siku nyingine huwa anachanganyikiwa. Basi mzungu akamkumbatia Milcah kwa nguvu, akimpigapiga mgongoni, akimwambia kwamba Mungu ni mwaminifu na mumewe atakuja.

Juu ya bega la yule mgeni Milcah alimwona Nyakio amesimama kwenye mlango wa jiko.

"Mama Nyakio," akamwita, "si wewe ulikuwa pale? Sema."

Nyakio alifuta mikono kwenye leso, akaifuta tena. Waringa alikuwa nyuma yake. "Mimi nimekuja kupika tu, mama," akasema. "Mambo ya watu siyajui." Akaingia ndani.

Ikabaki foleni. Wale walisikia Kiswahili na walisikia Kiingereza. Walikuwamo makarani mle, walikuwamo walimu, na vijana waliomaliza fomu foo. Walijua kabisa alilosema na lililosemwa badala yake. Hawa ndio aliolala nao kwenye tope, akawapikia uji watoto wao wakiwa na homa. Milcah aliwatazama mmoja mmoja akingoja mtu mmoja tu afungue kinywa. Mtu akakohoa. Wengine wakachungulia sahani zao tupu kama vile kuna kitu ndani. Mwenye chakula alikuwa Janice, na nyama ilikuwa inanukia.

Hapo ndipo alipoumia kweli, kwa sababu hata kuwachukia hakuweza.

Hotuba zikaisha. Akina mama wa Mutuini hawakutoka jikoni, kwa hiyo mwiko ukarudi kwa mwenyewe. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee Zedekiah, jirani yake wa hema, mzee aliyekuwa akimwita msichana wangu tangu walipokutana. Alinyoosha sahani mbali na mwili wake. Hakumtazama usoni.

"Msichana wangu," akasema, "utusamehe. Tia."

Milcah akamtilia. Akamtilia na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo, nyama kwa haki, mchuzi kwa haki, watoto akiwaongezea. Wageni wakapiga picha. Hakumnyima mtu. Mpaka foleni ilipokwisha na sufuria ikabaki na ukoko, yeye mwenyewe hakuwa ametia kitu mdomoni, na wala hakuna aliyekumbuka kumwuliza. Aliingia hemani akafunga nguo zake katika leso moja.

Janice alimkuta njiani karibu na lango, ameshawasindikiza wageni kwenye magari. Alikuwa amechoka, na alikuwa na furaha ambayo alikuwa anaionea haya. Alisema wameguswa sana, hajawahi kuwaona wameguswa vile, watarudi na wenzao kabla ya mwezi kwisha.

"Na watakuulizia," akasema. "Nitawaambia nini, Milcah?"

Milcah akahamisha mzigo begani.

"Waambie alikuja akanichukua," akasema, akapita.